Fungua Mdomo, Usitoe Sauti

Ipo Jumapili moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, natamani ningezaliwa bubu. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Kisumu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja, suruali iliyopanuka chini, na hakika kwamba kanisani kwetu hakuna aliyejua muziki ila mimi.

Watoto wa shule ya Jumapili walifundishwa na Mama Dorina, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni siku sita na kufundisha siku ya saba. Noti hakuzijua. Aliwaketisha watoto kwa duara kwenye nyasi nyuma ya kanisa, kila mmoja na jiwe alilookota ufuoni. Wimbo ukianza, mawe nayo yanazunguka: gonga chini, mpe jirani, gonga chini, mpe jirani. Aliyepotea mapigo akajikuta na mawe mawili alisimama katikati na kuimba ubeti peke yake, kwa vitendo. Kama ubeti una samaki, anaogelea. Kama una mvua, anajificha nyuma ya mtu. Wengine walikosea makusudi ili wasimame, na aliyewazidi wote kwa hila hiyo ni Anyango, msichana wa miaka saba hivi, mwenye sauti kama bati linaloburutwa kwenye changarawe.

Yakatangazwa mashindano ya nyimbo za watoto kule Awasi, na wazee wa kanisa, kwa kuiheshimu shahada yangu, wakanikabidhi watoto. Mawe nikayatupa mtaroni. Nikaandika do, re, mi ubaoni, nikawapanga kwa urefu, nikawakataza kutikisika.

Mama Dorina alikuja kusikiliza. "Mwalimu," akasema, "hii watoto yako sasa inaimba kama redio."

Nikamshukuru. Nilidhani ni sifa.

"Ai, wacha kunishukuru," akasema. "Umeona wapi redio ikicheka?"

Likabaki tatizo la Anyango. Kumtoa sikuweza, maana mama yake alikwisha kumshonea gauni la sare. Basi Jumapili ile nikamwita pembeni, nikampa dawa niliyoiona ya kitaalamu kabisa.

"Siku ya mashindano, wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

"Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo."

"Na wimbo ukiisha, naweza kuimba?"

Nikacheka. Nikamwambia hapo ataimba mpaka achoke.

Kule Awasi tulikuwa wa pili. Jaji mmoja alimsifu msichana mdogo wa mstari wa mbele kwa kutamka maneno vizuri kuliko wote. Alikuwa anamsema Anyango. Nilijivuna, mwanangu, sitakuficha.

Tukirudi, lori zima liliimba mpaka Kisumu. Anyango alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Nikamwambia, "Anyango, sasa imba." Akanitazama kama mtoto anayeogopa mtego.

Nilishuka ufuoni na ndoo, nikaokota mawe mengine, nikaketi kwenye duara mimi mwenyewe na suruali yangu. Mawe yakazunguka. Jiwe lilimfikia Anyango, akalipitisha. Likaja jingine, akalipitisha. Asubuhi nzima hakukosea hata mara moja.

Mama Dorina alinisubiri mlangoni. "Nilikuwa na watoto thelathini," akasema. "Sasa niko na ishirini na tisa. Huyo mmoja amekuwa wako, Mwalimu. Utamfanyia nini?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Anyango kanisani, mtu mzima, na mtoto mgongoni. Watu waliimba, midomo yake ilifuata kila neno bila sauti. Mtoto alipolia, alimpigapiga mgongoni kimya kimya. Ibada ilipokwisha nilimwendea.

"Anyango, nisamehe."

"Kwa nini, Mwalimu?" Alishangaa kwa dhati. "Mimi sijui kuimba."

Hata kosa langu hakulikumbuka. Alichobaki nacho ni imani hiyo tu, na niliipanda mimi.

Mwanangu, umepewa darasa la watoto, na unakuja kwangu kutafuta mbinu. Wape mawe wayapitishe. Wape makofi, wape miruko, wacha wajifanye samaki na mvua. Akikosea, mfurahie, maana anakosea kwa kuwa haogopi. Mashindano yakija, peleka sauti zote, hata ile inayokwaruza, mkashike nafasi ya mwisho mkiwa mnaimba. Na usimnyamazishe mtoto ukidhani utamrudishia sauti kesho. Mimi nilijaribu. Hairudi.

Mungu akupe masikio mapana kuliko yangu. Akujalie darasa lenye kelele, na uzeeni mwako wasimame mbele yako wote uliowafundisha, wakuimbie vibaya, kwa sauti kubwa, bila kubaki hata mmoja. Amina.