Spika Iliyopulizwa Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana pale Migori alinikabidhi bisibisi mbili na onyo moja. "Okoth, mashine ya muziki ikikosa sauti, usikimbilie amplifaya. Anza na sindano." Amplifaya hukuza sauti, sindano ndiyo inayopita juu ya santuri. Alisema kweli. Katika mashine kumi za kwanza nilizoitiwa, saba zilikuwa na vumbi tu kwenye sindano. Nikahesabu tena, zikawa saba.

Huo ndio utaratibu tuliofuata miaka ya sitini: sindano, waya, halafu valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya. Spika ilikuwa ya mwisho, kwa sababu haiharibiki ovyo. Labda iharibiwe.

Nilipohamishiwa Homa Bay nilipewa cheo cha Fundi wa Wilaya. Cheo kikubwa, baiskeli moja. Huko wadudu wa ziwani huja kama moshi na kuingia popote penye taa. Makao makuu ya kampuni yetu, iliyokodisha mashine hizo kwa wenye baa, wakatoa waraka, umetiwa sahihi na Mkaguzi wa mashine: kila mwenye baa apulize dawa ya wadudu ndani ya mashine kila jioni, kupitia wavu wa mbele.

Mkaguzi alipopita nilimwambia, "Bwana Mkaguzi, dawa hiyo ina mafuta ya taa. Koni ya spika, ile inayotikisika ikitoa sauti, ni karatasi na gundi."

"Wewe ni fundi ama daktari wa karatasi?"

Baada ya miezi miwili mashine ya Mama Adhiambo, mwenye baa karibu na gati, ilianza kukohoa. Gitaa la besi likiingia tu, sauti inakwaruza. Nikaweka sindano mpya: bado. Nikabadilisha valvu: bado. Nikachukua spika ya akiba, nikaiunganisha kwa waya huko nje bila kuing'oa ile ya ndani. Sauti ikatoka safi. Nikamulika ndani kwa tochi. Koni ilikuwa imelegea kama chapati iliyochovywa kwenye chai, na inanuka mafuta ya taa.

Niliandika ripoti. Mkaguzi akaja mwenyewe, akaibonyeza koni kwa kidole.

"Hii si spika ya kiwandani. Ile nzuri umeuza Migori, ukaweka kuukuu."

Nikamulika tena ndani. "Tazama parafujo. Ziko nane, na kila moja ina tone la rangi nyekundu la kiwandani. Hakuna tone lililopasuka, kwa hiyo haijawahi kufunguliwa. Nimehesabu mara mbili."

"Rangi hata mimi naweza kupaka."

Mama Adhiambo akatoka nyuma ya kaunta. "Yawa! Mimi ndiye nilipuliza! Karatasi yako hiyo ukutani, nimeibandika karibu na leseni."

"Mama, wewe uza pombe."

Mkaguzi akaniwekea karatasi na kalamu. Nikiri wizi, ama kazi iishe hapo hapo. Nyumbani nilikuwa na mke na mtoto wa wiki tatu. Kwa hiyo nikafanya ninachojua: nikapatana bei.

"Wizi siandiki."

"Basi andika imepotea."

"Itapoteaje na umeibonyeza sasa hivi?"

"Uzembe, basi."

"Uzembe wa nani, bwana?"

Mama Adhiambo akacheka, na kicheko hicho kilimuuma Mkaguzi kuliko parafujo zangu zote. Mwishowe akaandika mwenyewe: spika imeharibiwa na wadudu wa ziwani. Nilijua ni uongo. Nikatia sahihi. Wadudu hawakuwa na wakili.

Makao makuu walisoma ripoti hiyo kwa makini kuliko zote nilizowahi kuandika. Waraka mpya ukaja: kwa kuwa Fundi wa Wilaya amethibitisha wadudu wamezidi, dawa ipulizwe asubuhi na jioni. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimebadilisha spika tano, mbili zikiwa za baa za Sindo, mji mwingine wa ziwani.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama bado nina kinyongo na Mkaguzi. Ninacho, tena kikubwa. Lakini yeye alitetea waraka wake. Mimi nilitetea kazi yangu, na nikajiona mjanja kwa kuushusha wizi hadi wadudu, wakati bei ya haki ilikuwa sentensi moja: waraka ufutwe. Sikuitaja hata mara moja.

Siku waraka ule mpya ulipofika, Mama Adhiambo alinisomea kwa sauti mbele ya wateja, bomba la dawa mkononi.

"Fundi, jina lako liko hapa. Nipulize ama nisipulize?"

Wateja wote walinigeukia. Nikachukua baiskeli yangu nikaondoka.