Sheria za Nusu-Mungu wa Jumamosi

Mwezi uliopita, hapa Homa Bay, nilikuwa nimekaa jikoni nachambua omena, dagaa wa ziwani, huku binti yangu akitazama tamthilia kwenye simu. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, huyu amekufa kweli ama wanatucheza tu?"

Nami bila kuinua macho nikamjibu, "Umeuona mwili?"

"Hapana. Ameanguka tu kwenye ufa."

"Basi hajafa. Ngoja uone."

Niliendelea na omena. Nilikuwa nimeshamaliza nusu ya ungo nilipotambua nilichokisema, na nikainama kuangalia ile simu. Ilikuwa tamthilia ileile niliyoitazama utotoni. Mtu ameipandisha mtandaoni, picha zina chengachenga, sauti inatangulia midomo. Ufa nao ulikuwa uleule.

Acha nikueleze polepole, rafiki yangu, maana ukiisikia harakaharaka utadhani ni kisa cha runinga.

Tulikuwa tunaishi Masara, kule Suna West, Migori, kwa sababu baba alichimba dhahabu. Siku za kazi huko zilikuwa na sauti moja: kinu cha kusagia mawe kikinguruma tangu asubuhi, na chini yake nyundo za akina mama wakiponda mawe, mama yangu akiwa mmoja wao. Vumbi lilitua kwenye kila kitu. Hata nyoyo, yale mahindi na maharagwe tuliyochemsha pamoja, yalikuwa na ladha ya jiwe. Lakini Jumamosi wachimbaji wengi hawakushuka, kwa kuwa wengi wao walikuwa wa kanisa la Sabato, kinu kilinyamaza, na alasiri tulikwenda kwa jirani yetu mwenye duka. Alikuwa na runinga ndogo ya betri ya gari. Kila mtoto aliingia na kuni moja mkononi. Kuni ndiyo ilikuwa tiketi. Baba ndiye aliyekuwa fundi wetu wa antena, kwa hiyo yeye hakuleta kuni. Alisimama nje akizungusha mti wa mianzi, sisi tukipiga kelele ndani: "Hapo! Hapo! Umepita! Rudi!"

Tamthilia ilitungwa kutokana na hekaya za Wagiriki wa kale. Mhusika mkuu alikuwa binti wa mungu wa bahari na mwanamke mfinyanzi, nusu mungu nusu mtu, aliyetembea nchi nzima na mkuki mfupi na punda. Sisi tulimwita Binti tu. Adui yake alikuwa ami yake, bwana wa kuzimu. Ilisemwa kwa Kiingereza ambacho nusu yake hatukukielewa, lakini haikutusumbua, kwa sababu hadithi kama ile ina sheria zake, na ukishazijua sheria unaweza kuifuata hata ukiwa umeziba masikio.

Baba ndiye aliyenifundisha. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mama, mwangalie huyo ajuza hapo kisimani," angesema. "Huyo si ajuza. Huyo ni mungu amejificha. Binti akimpa maji, ataokolewa mwishoni." Na kweli ingekuwa hivyo. Kila zimwi lilikuwa na mahali pamoja palipo laini, na palitajwa mapema na mtu asiye na maana yoyote, kama muuza mizeituni. Kijana aliyesema kesho anakwenda kuoa, huyo hakuifikia kesho. Na mtu ambaye maiti yake haijaonekana hajafa. Hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Mtu angeanguka gengeni, angemezwa na bahari, angefunikwa na mlima, na baba angekunja mikono: "Mwili uko wapi? Hakuna. Huyo tutamwona wiki ijayo."

Kila baada ya vipindi kadhaa Binti alishuka kuzimu kumtoa mtu. Hapo baba alikuwa hanyamazi.

"Haya, tazama. Anashuka shimoni bila kamba."

"Shemeji, tuachie tusikie," jirani angesema.

"Mtasikia nini? Hana kurunzi ya kichwa. Hakuna hata mbao moja ya kuzuia ukuta. Huyu ami yake anaendesha mgodi mbaya sana!"

"Si uende ukamfundishe?"

"Niite tu. Nikishuka mimi, nampandisha huyo mtu kabla ya matangazo."

Tungecheka mpaka kipindi kitupite. Kuzimu nako kulikuwa na sheria zake, na nilizishika kuliko nilivyozishika za hesabu. Aliye chini asile kitu cha huko. Anayepanda asitazame nyuma. Na walio juu wasimlilie mapema. Kuna kipindi kimoja watu walimlilia mvuvi kabla ya wakati, wakachonga jina lake kwenye jiwe, na alipokuwa amebakisha hatua tatu kutoka, jiwe likaziba mlango. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Kipindi hicho kiliniingia sana.

Likizo zikija nilipelekwa kwa bibi, Kendu Bay, kwenye boma la baba. Tulimwita Dani, kama Waluo wanavyomwita bibi. Dani alikuwa msimulizi, na yeye pia alikuwa na masharti: hadithi haisimuliwi mchana watu wakiwa na kazi, na ikianza lazima iishe kabla watoto hawajalala. Nilimsimulia habari za Binti tukikaanga samaki. Alisikiliza kama mtu anayekagua mkaja wa harusi.

"Na huyo punda, nani anampa maji?"

"Dani, hawaonyeshi."

"Kwao ni wapi? Anapikiwa na nani?"

"Hapikiwi. Anapigana tu."

"Enhe. Na leo iliishia wapi?"

"Ananing'inia kwenye ukingo wa jabali. Tutaona Jumamosi."

Dani aliwaacha samaki. "Mnamwacha mtu wa watu ananing'inia wiki nzima, halafu mnakwenda kula?" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Lakini aliniomba nikirudi nimweleze kama aliokoka.

Sasa nifike pale. Ulikuwa msimu wa mvua. Jumamosi ile Binti alianguka kwenye ufa, ardhi ikajifunga juu yake, wakaandika kwamba itaendelea. Jumatano iliyofuata shimo la baba liliporomoka. Walikuwa watatu chini. Wawili walitolewa siku hiyohiyo, mmoja amevunjika mguu, na wote walisema baba alikuwa mbele yao, ndani zaidi. Wanaume walichimba siku nane. Maji yakaingia kutoka pembeni. Pampu ikashindwa. Siku ya tisa wazee walikaa na wachimbaji na wakubwa wa serikali, wakakubaliana waache, kwa sababu ukuta ulikuwa unaanza kuwaporomokea waokoaji nao.

Nyumba yetu ilijaa watu. Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, kiatu kimoja mguuni. Mimi nilikuwa nateka maji, nafagia, nawapa wageni viti. Nakumbuka mambo yote kwa usahihi, lakini kama yaliyotokea nyuma ya kioo. Sikulia. Jirani alinishika bega akawaambia wenzake, "Mtazameni huyu. Mtoto ana moyo, hata halii." Walinisifu. Mmoja alinipa mandazi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na kama angeniuliza ningemweleza taratibu, hatua kwa hatua: mwili haujaonekana, kwa hiyo hajafa, yuko anapanda, tukilia mlango utaziba.

Nilimwambia mama peke yake. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Mama, usilie. Hatujaona mwili." Nafikiri alidhani ni mimi ninayehitaji kuambiwa hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso, na siku mbili nzima akajizuia kulia mbele yangu. Hilo kosa langu ninalifahamu sasa. Wakati ule niliona tumeelewana.

Kisha wazee wakaamua baba azikwe kwao, Kendu Bay. Kama hujui desturi yetu utauliza atazikwaje. Kuna mti uitwao yago, matunda yake ni marefu na mazito kama mkono wa mtu mzima, yananing'inia kwa kamba zake kama vitu vilivyotundikwa. Mtu akipotea ziwani au ardhini asipatikane, watu huchuma tunda la yago na kulizika badala yake, kwa heshima zote. Wanaume wawili walikwenda mtoni wakalileta. Wakalivika koti la baba la kanisani, wakalilaza kwenye jeneza, na jeneza likapandishwa nyuma ya pikapu. Mimi nilikaa mbele kati ya dereva na mama. Njia nzima nilikuwa nahesabu siku alizokuwa chini. Niliona wanakwenda kuchonga jina kwenye jiwe, kama la yule mvuvi.

Asubuhi ya mazishi nilimkuta Dani nyuma ya jiko lake, amekaa peke yake. Nikamwambia haraka, kwa sababu watu walikuwa wanamtafuta.

"Dani, waambie wangoje. Hatujaona mwili. Unazijua sheria, nilikueleza."

Hakuniambia ni mambo ya runinga. Hakucheka. Alifikiri, kama alivyofikiri habari za punda.

"Nyakwara," alisema, yaani mjukuu wangu, "zile ni sheria za wale watu. Wao mtu wao hurudi kila Jumamosi, ndiyo maana hawajajifunza kumzika asiyeonekana. Sisi hili limetupata mara nyingi. Ziwa limetuchukulia watu. Njaa, vita, watu wamekwenda hawakurudi. Unadhani yago lilitoka wapi? Lilitafutwa na watu waliochoka kungoja kama wewe."

"Na kama anapanda?"

"Kama anapanda, atakuta watu wake wamelala vizuri, wamekula. Hatukasiriki kwa hilo. Baba yako atakasirika?"

Nikasema hapana.

Akanishika mkono hadi kwenye jeneza, kabla halijafungwa. "Shika." Nikaingiza mikono miwili chini ya koti. Tunda lilikuwa baridi, ngozi yake kavu kama gamba la mti, na lilikuwa zito. Sikutarajia uzito. Nililiinua kidogo, nikaona jinsi koti linavyokaa juu yake, kifungo kimoja kimekatika, kile ambacho mama alisema atakishona. Nikalirudisha. Dani akawaambia wanaume, "Sasa fungeni."

Mama alilia siku ile mpaka sauti ikamwisha. Mimi nilisimama karibu naye nikingoja zamu yangu, na haikuja. Ruhusa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyazuia machozi kwa bidii mno, na nilipogeuka kuyatafuta sikuyakuta. Siku chache baadaye wafiwa waliponyolewa nywele, nilikwenda mwenyewe nikakaa kwenye kigoda. Wembe ulipita, upepo wa ziwa ukanigusa kichwani, nikafikiri: kuna baridi. Basi. Hayo ndiyo yote niliyofikiri.

Hatukurudi kuishi Masara. Mama alianza kuuza samaki, mimi nikasoma Kendu Bay, na Dani akawa akinisimulia hadithi zinazoisha. Mama wala Dani hawapo tena. Jirani alihama, sijui alikokwenda. Sheria bado ninazo kichwani zote, na ninaweza kukuambia nani atakufa katika tamthilia yoyote dakika kumi za mwanzo. Wanangu hawapendi kutazama nami.

Jambo la mwisho. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Migori kwa shughuli za shule, nikamwomba dereva tupitie Masara. Duka limekuwa mahali pa kuchajia simu. Vinu viko vingi kuliko zamani. Mashimo ya wakati wetu yalifukiwa, na palipokuwa shimo la baba, kadiri ninavyoweza kukadiria, pana mihogo. Nilisimama pembeni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha mchanga kwenye karai aliniona nimesimama muda, akanyoosha mgongo.

"Mama, karibu. Unamtafuta nani hapa?"

Miaka mingi nimekuwa na jibu la swali hilo, kila niingiapo kwenye umati, kila mlango ukibishwa asubuhi. Nikafungua kinywa.

"Simtafuti mtu," nikamwambia.

Akasema haya, akarudi kwenye karai lake. Nilibaki pale kidogo nijisikilize kama nimedanganya. Kisha nikarudi kwenye gari, dereva akaniuliza kama twende, nikasema twende.