Mama Kidevu na Picha Iliyoitwa Jaribio

Saa mbili na robo asubuhi, na Mama Kidevu ameshachungulia dirishani mara nne. Mikono iko kwenye mashine, roho iko getini.

"Kidevu hapa. Paji la uso lisogee mbele. Usipepese," anamwambia mzee aliyeketi mbele yake. Mwanga unamulika, mzee anashtuka. "Pole, babu. Tumemaliza, na hata hukutabasamu."

Jina hilo alibandikwa na wagonjwa, maana neno "kidevu" halimtoki mdomoni kutwa nzima. Kazi yake ni kupiga picha za ndani ya jicho katika kliniki ya macho, ndani ya chumba kidogo chenye pazia jeusi zito. Kwa siku huwapiga watu wapatao arobaini.

Picha hutokea kwenye skrini ikiwa na rangi ya chungwa, mishipa imetapakaa, na doa la manjano pale neva ya jicho inapoanzia. Katikati ya doa kuna kishimo. Kikipanuka kupita kiasi, daktari hushuku glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho.

"Haiumi, haiwashi," anasema, huku akichungulia tena dirishani. "Inakula pembeni kimyakimya. Mtu anaona mbele vizuri kabisa, lakini anagonga milango."

Anayegonga milango ni kaka yake.

Kaka huyo ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita, mashine ilipoletwa, ndiye aliyeshona pazia la chumba hiki. Siku aliyokuja kulitundika, mdogo wake alikuwa bado anajifunza kazi, akamkalisha kitini amfanyie mazoezi. Wakacheka, picha ikatoka. Kwenye nafasi ya jina akaandika "Jaribio", kama walivyofundishwa. Picha za Jaribio hazipelekwi kwa daktari.

Mwezi uliopita alitakiwa kufuta picha za zamani ili mashine ipate nafasi. Kabla ya kufuta, akazifungua moja moja. Kumi na tatu hazikuwa na neno. Ya kumi na nne ilikuwa na kishimo kipana, na tarehe yake ilikuwa ile ya siku ya pazia.

"Niliisoma tarehe mara tatu," anasema. "Wakati ule sikujua kuzisoma. Lakini ilikuwa humuhumu ndani miaka sita, na mimi kila siku nawahimiza watu baki wapime mapema! Nilijichukia, nakwambia ukweli."

Siku hiyohiyo alimwendea kaka yake akamweleza yote. Fundi akachukua sindano, akatunga uzi mara moja tu, bila miwani.

"Umeona? Kipofu anatunga uzi?" akauliza, akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu hapo amempangia siku mara tatu, na mara tatu kaka amempiga chenga. Wifi yake anampa habari kwa simu: bega la kushoto la mumewe halikosi chubuko jipya, na juzi alimkanyaga mtoto aliyekuwa amekaa pembeni yake.

Ndiyo maana jana Mama Kidevu alichukua mkasi, akakata nyuzi za upindo wa pazia, kisha akapiga simu kwamba limefumuka na mwanga unaingia.

"Kwa ajili ya macho yake haji," anasema. "Kwa ajili ya pazia lake, atakuja mbio."

Saa nne kasorobo, kaka anaingia na mfuko wa nyuzi. Bega la kushoto linagonga fremu ya mlango. Anajifanya halikugonga. Anauinua upindo kwenye taa, anaupitisha vidoleni.

"Kazi yangu haifumuki," anasema. "Hapa pamepita mkasi."

"Mkasi wangu."

Fundi anauachia upindo, anamgeukia. Mama Kidevu, aliyekuwa akihangaika tangu asubuhi, sasa hajui aweke wapi mikono.

"Kaka, ile nilikupiga kwa mchezo, nikakusahau. Niache nikupige moja ya kweli. Ukikataa, sikusumbui tena."

"Utanisumbua."

"Ndiyo, nitakusumbua."

Kaka anacheka bila kupenda. Anavuta kiti, anakaa. "Na ikiwa mbaya?"

"Kilichopotea hakirudi, sitakudanganya. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, kila siku. Ukileta kichwa ngumu, nitakuja kukutilia mwenyewe, mbele ya wateja wako."

Kwenye nafasi ya jina anaandika majina yote matatu ya kaka yake, polepole, anayarudia kuyasoma. Kisha anageuka. "Kidevu..."

"Hapa, najua," anasema kaka. Kidevu kimeshakaa.

Mwanga unamulika. Picha inatokea, na Mama Kidevu hahitaji mtu wa kumsomea. Kishimo kimekuwa kikubwa kuliko kile cha zamani. Anavuta pumzi.

"Twende kwa daktari," anasema.

Wanatoka pamoja. Mama Kidevu anapita upande wa kushoto, bega lake likiwa kati ya kaka yake na fremu ya mlango.