Matuta Yangu Yaliyoota Nywele

Shamba langu la Muze, huku bondeni, limechoka kama mimi, ila mimi nikilala naamka, lenyewe haliamki. Mahindi ya msimu uliopita yalinifika magotini, yakatoa mbelewele humohumo, kama watoto waliozeeka kabla ya kukua. Ndipo binti yangu Restituta, anayekaa Katandala pale Sumbawanga mjini, akanipigia simu.

"Baba, kuna familia huku juu wanalima kilimo hai, bila mbolea ya kiwandani wala dawa ya kunyunyiza. Wanapokea watu wa kujitolea. Unafanya kazi, wanakupa kitanda na chakula, unajifunza."

Sikumwuliza wanataka watu wa umri gani. Ningeuliza, ningekatazwa.

Kutoka Muze nilipanda lori la mpunga, kiti cha mbele, maana dereva ni mtoto wa jirani. Barabara ya kupanda mlima ina kona nyingi, na kila kona nilikuwa namsimulia habari za fisi aliyeingia kanisani kwetu wakati wa mahubiri, akakaa nyuma kama muumini. Dereva akasema, "Babu, fisi asubiri kwanza nipite hapa." Nikanyamaza. Kwangu hiyo ni kazi kuliko kulima.

Huko juu Ufipa, miti ni michache na nyasi zinakwenda mpaka macho yanachoka. Baridi nayo! Sisi wa bondeni blanketi letu ni joto. Nilivaa sweta juu ya sweta, nikashuka kwenye bodaboda nimevimba kama gunia.

Mwenyeji wangu, Mama Sesilia, alikuwa uani na jembe mkononi. Umri wake ni wa binti yangu. Alipiga goti kidogo, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Shikamoo, babu. Huyo mwanafunzi yuko wapi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akamtafuta bodaboda kwa macho, lakini alikuwa ameshageuza. Basi akanikaribisha, akanieleza hali yake wazi. Mumewe yuko Kasesya, mpakani, kwenye biashara. Mama mkwe wake, Bibi Agata, amekwenda kumuuguza dada yake. Mvua zinaelekea kuisha, na udongo ukishakauka matuta hayafanyiki. Bila matuta, mwakani hakuna ulezi. Nikamwambia asihofu, mikono imefika.

Shambani akanionyesha tuta moja. Wafipa wanayaita intumba, matuta ya mviringo kama vichuguu. Niliwahi kuyaona nikiwa njiani, lakini kuona njiani si kujua. Unakwangua udongo pamoja na nyasi zake, unakusanya, unafunika, zinaoza humo ndani. Mwakani unalibomoa tuta, unasambaza, unapanda. Mbolea yenyewe ndiyo hiyo. Alionyesha haraka, sauti ya chini, ya heshima, nami nilikuwa nimerudi kwenye habari ya fisi.

Nikalima. Yangu niliyapanga mistari iliyonyooka, kila bonge la udongo nimeliwekea nyasi juu, zinapendeza. Mama Sesilia akapita, akayatazama muda mrefu.

"Pole na kazi, babu."

Siku iliyofuata akapita tena. "Twende taratibu tu, babu."

Nikajua nasifiwa. Nikaongeza mwendo.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, matuta yangu yote yakaota nywele za kijani. Siku hiyo Bibi Agata akarudi. Hata mzigo hakutua, akaja moja kwa moja shambani.

"Nani amepanda nyasi hizi?"

"Mimi."

"Una ng'ombe?"

"Sina."

"Sasa malisho haya ni ya nani?"

Mama Sesilia akaziba mdomo kwa khanga. "Mama, taratibu. Ni mzee huyo."

"Mzee mwenzangu, nimwogope nini? Wewe babu wa bondeni, nyasi zinageuzwa ndani, udongo unakaa nje. Uliona wapi maiti akazikwa juu ya kaburi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwuliza Mama Sesilia, mbona hukusema?

"Ningesemaje, babu? Asubuhi nakupa shikamoo, mchana nikuambie umekosea?"

Hapo sikucheka. Mwenzangu alikuwa radhi akose ulezi kuliko anivunjie heshima. Nikamwambia, "Shikamoo iishie mlangoni. Shambani mimi ni mwanafunzi wako."

Tukayavunja yote, tukaanza upya. Bibi Agata alikaa kwenye kigoda pembeni na fimbo, akigonga kila tuta lenye kasoro. "Hili lina kipara. Hili limelewa." Jioni tunakula ugali wa ulezi na maharage, bado ananisema namna ninavyokata tonge. Tuta la mwisho tulilifunika udongo umeshakaza, jembe linalia kama limegonga jiwe. Mama Sesilia akalipigapiga kwa kiganja, akasema, "Ulezi upo."

Niliporudi Muze nilikuta kwenye bonde letu la mto udongo bado una maji, nikaanza kuzika nyasi zangu. Vijana wa jirani wanapita, wanasimama, wananiambia, "Pole na kazi, babu," wanaondoka. Sasa maneno hayo yananitia hofu. Mtu akishazeeka, watu wanamwachia kila kitu, hata makosa yake.

Kwa hiyo nimepiga simu kule juu. Nimemwambia Bibi Agata kitanda kipo, wali upo, na kigoda nimeshakichonga. Kazi yake ni kunisema tu.

Akauliza, "Nije na fimbo yangu?"

Nikamwambia aje nayo.