Sindano, fundi anayefuata baridi inakotorokea

Saa nne asubuhi, jua limeshalikalia bati la gereji, na mwanamke mrefu, mwembamba, amejikunja juu ya injini ya teksi kama mtu anayenong'onezwa siri. Mkono wa kushoto umeshika chupa ya maji ya sabuni. Wa kulia umezama hadi kiwikoni nyuma ya taa ya mbele. Amefumba macho, kwa kuwa pale vidole vyake vilipofika macho hayana njia ya kupita.

Mwenye teksi amesimama pembeni, roho juu. Anataka kuuliza, anajizuia.

Karibu naye, kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kuwekwa juu ya matofali, amekaa mjomba wa fundi. Mzee anamwambia dereva asihofu. Mpwa wake akinyamaza hivyo, amekaribia. Akianza kuimba ndipo pa kuogopa, maana huimba anapotoka kapa.

Hapa gerejini wanamwita Sindano. Jina hilo ni kongwe kuliko ufundi wake wa viyoyozi vya magari. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa viti: alishona ngozi zilizopasuka, akabadilisha sponji zilizobonyea, na sindano yake ndefu iliyopinda ilikaa imechomekwa kwenye ukosi wa shati hata alipokwenda msibani. Bado ipo ukosini. Miezi ya baridi, watu wanaposahau kwamba magari yao yana viyoyozi, inaweza kupita wiki nzima pasifunguliwe boneti hata moja. Sindano hiyo ndiyo inayowalisha, yeye na mjomba.

Aliyemhamisha kutoka kwenye viti hadi kwenye mabomba ni huyu mjomba. Gesi ya kiyoyozi ikichomoka ghafla huigandisha ngozi na kuiumiza kama moto, na siku moja ilimrukia mzee mkononi. Vidole viwili vilipona kwa nje tu.

"Unaviona vizima," anasema, akivipunga. "Lakini ni wageni mkononi mwangu. Wanakaa, wanakula, kazi hawafanyi."

Fundi wa mabomba asiyehisi kwa ncha za vidole hana tofauti na fundi wa redio aliyeziba masikio. Mzee aliendelea kwa kujikaza. Siku moja alikuwa amekwama kwenye gari ambalo Sindano alikuwa ndani yake akishona kiti cha nyuma. Sindano alimsikia akinung'unika, akachungulia dirishani na kumuuliza swali moja: hilo bomba linasugua wapi? Kwa mshonaji halikuwa swali la ajabu. Nguo haianzi kuchakaa mahali popote tu. Huanzia kwapani, kwenye goti, pale inapokutana na kitu kila siku. Mjomba aliweka spana chini. Kesho yake alimwita, akaanza kumfundisha.

"Angeweza kuufungia ujuzi wake sandukuni," anasema Sindano. "Wapo wengi wanaofanya hivyo, na siwalaumu, ndio urithi walio nao. Yeye alinipa wote, na matusi juu."

Mjomba anasahihisha kwamba matusi yalikuwa ya mkopo, na bado anamdai.

Teksi hii iliingia asubuhi hiyo ya Ijumaa, gereji ilipokuwa bado inafagiwa. Kiyoyozi kilipuliza hewa, lakini vuguvugu, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Dereva alieleza kwamba alishajaziwa gesi mara mbili kwingine. Kila mara baridi ilirudi siku chache, kisha ikayeyuka. Waliomhudumia walimwambia gesi imeisha.

"Gesi haiishi kama petroli, kaka," Sindano alimwambia. "Haichomwi. Ikipungua imetoka, na ilipotokea bado pako wazi."

Dereva alitikisa kichwa, kisha akasema kilichomleta. Mdogo wake wa kike aliungua vibaya utotoni, kwa moto wa jiko. Sehemu kubwa ya mwili wake ina ngozi ya makovu na ya kupandikizwa, na ngozi hiyo haitoi jasho. Joto likimwingia halina pa kutokea. Kutembea mchana wa jua kali, au kukaa ndani ya gari linalochemka, kunaweza kumwangusha. Alikuwa amesomea ualimu, akaomba kazi kimyakimya, na sasa shule moja ya upande wa pili wa mji ilikuwa imempokea. Angeanza Jumatatu, zamu ya mchana. Kaka alimwahidi kumpeleka kila siku, kabla baridi ya gari haijamgeuka.

"Ameshaniambia niache tu, atawaandikia kwamba amepata udhuru," dereva alisema. "Hilo neno udhuru ameliishi tangu mtoto. Sitaki aliandike tena."

Sindano alifungua boneti, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Injini ilikuwa inameremeta. Dereva, kwa adabu zake, alipitia kwanza kwa waosha magari akaisugua yote kwa sabuni na maji ya nguvu. Hakutaka, alisema, kumletea dada fundi uchafu.

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Ikabidi dereva aelezwe. Gesi inayozunguka kwenye kiyoyozi hubeba mafuta kidogo ya kulainisha kompresa inayoisukuma. Inapovuja, mafuta nayo hutoka, na vumbi la barabarani huyanasa. Baada ya muda panabaki doa jeusi lenye kunata, na fundi akiliona amekwisha kuonyeshwa njia. Uchafu ule ndio shahidi.

"Na wewe shahidi umemwogesha, ukampaka na mafuta ya nazi," mzee alisema. "Kijana, siku ukiumwa usije ukapitia saluni kabla ya hospitali."

Dereva aliinama kwa aibu. Sindano alimtuliza, akamwambia gari lililoletwa kwa heshima litashughulikiwa kwa heshima, ila kazi imekuwa ndefu.

Aliunganisha geji zake za kupima mgandamizo, akaingiza naitrojeni kavu, gesi ya majaribio, kwenye mabomba, akafunga valvu na kutazama. Mshale ulisimama, kisha ukaanza kushuka polepole mno, kama mtu anayeondoka kwenye karamu bila kuaga. Uvujaji ulikuwepo, lakini mdogo. Alipulizia povu la sabuni kwenye kila kiungio kinachoonekana, akisubiri viputo. Patupu. Alipulizia kwenye kompresa. Patupu. Alianza kuimba, na mjomba akamtazama dereva kwa huruma.

Kisha akaacha kuimba. Aliomba injini iwashwe, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, akatazama mabomba yanavyotikisika. Moja, la aluminiamu, lililopita nyuma ya taa ya mbele na kupotea gizani, lilikuwa linacheza kuliko wenzake. Alimuuliza dereva kama gari liliwahi kugongwa mbele. Liliwahi, mwaka uliopita. Bampa lilinyooshwa na kurudishiwa. Sindano akaagiza injini izimwe, akashika chupa ya sabuni, akazamisha mkono, akafumba macho.

Ndipo tulipoanzia.

"Mjomba," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hapa pamelika."

Aliyelirudishia bampa hakurudishia kishikizo cha mpira kinacholitenga bomba na chuma cha taa. Kwa mwaka mzima bomba na chuma vilisuguana, hadi aluminiamu ikachimbika mfereji mwembamba, na katikati ya mfereji tundu lisilozidi ncha ya sindano. Kwa kioo kidogo cha kujitazamia, baada ya kupuliza sabuni, dereva mwenyewe alionyeshwa: viputo vidogo vilivyozaliwa, vikakua, vikapasuka, kimoja baada ya kingine. Alivitazama muda mrefu.

Aliuliza kama hapawezi kuzibwa kwa gundi, ili mambo yaishe. Sindano alikataa. Mgandamizo wa gesi ungeitema gundi ile kabla ya Jumatano, na Jumatano mdogo wake angekuwa barabarani. Alitoa naitrojeni, akalifungua bomba, akalipeleka kwa jirani mchomeleaji, ambaye mkono wake kwenye aluminiamu anausifu kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe, asije akavimba kichwa. Liliporudi, alibadilisha pete za mpira kwenye viungio, akazipaka mafuta ya kompresa ili zisijikunje.

Baadaye alifanya jambo ambalo mafundi wengine humtania kwalo. Alikata kipande cha mpira mnene, akakizungushia bomba pale lilipokuwa likisugua, akachomoa sindano ukosini na kukishona kwa uzi wa viti, mshono mmoja baada ya mwingine, uliobana na kunyooka. Alipofunga kishikizo kipya juu yake, bomba halikucheza tena.

Lililobaki lilikuwa kusubiri. Pampu ilifyonza hewa na unyevu wote uliokuwa ndani, valvu zikafungwa, mshale ukaachwa peke yake. Dereva alidhani kazi imekwisha. Mjomba alimkalisha.

"Mafundi wengi wanashindwa hapa," alimwambia. "Mikono wanayo. Kukaa ndiko wasikokuweza."

Walikaa. Mshale haukusogea. Gesi ikaingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, wala haikukadiriwa kwa macho, na injini ikawashwa. Sindano aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiacha hapo, akatabasamu bila kumtazama mtu.

Dereva aliondoka na kurudi jua likiwa utosini, mdogo wake akiwa kiti cha nyuma. Mwalimu hakutaka kusimuliwa. Alitaka kujua mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu. Gari liliegeshwa juani makusudi, injini ikiunguruma, na yeye akakaa ndani kwa muda ambao kaka yake aliuona kama mwaka. Aliteremsha kioo mara moja tu, akamwita fundi.

"Dada, mimi huwa siamini mpaka kesho yake," alisema. "Lakini ahsante kwa leo." Kisha akamgeukia kaka yake. "Jumatatu usinicheleweshe."

Dereva aligeuka upande wa ukuta, akajifanya anatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

Sindano anapoulizwa kazi hii imempa nini, anaanza na watu. Anamtaja mjomba. Anamtaja mwenye gereji aliyemwachia kona hii wakati wateja walipokuwa wakimpa kisogo na kumtafuta fundi mwanamume. Anawataja hata waosha magari, ingawa wanamzidishia kazi. Wao ndio huwaelekeza watu kwake. Anachotamani sasa ni mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye gari na kuihifadhi, ili isipotee hewani kila bomba linapofunguliwa na isimrukie tena mtu yeyote mkononi. Na ukutani, karibu na lango, ataandika kwa rangi nyekundu: usioshe injini kabla ya kuja.

Jumatatu mchana, joto likiwa limewafukuza hata paka kwenye bati, alikuwa amesimama langoni akipima kwa macho mahali pa kuandika maneno hayo. Teksi ilipita barabarani. Dereva alipiga honi mara mbili. Kwenye kiti cha nyuma mwanamke mwenye gauni la mikono mirefu na mkoba wa vitabu aliinua kiganja, midomo yake ikasema kitu, na gari likaendelea na safari.

Ndani, mjomba, aliyekuwa amegeukia meza akipanga pete za mpira, aliuliza ni nani huyo na amesema nini.

"Sikumsikia, Mjomba," Sindano alimjibu. "Vioo vyote vilikuwa vimefungwa."