Navalayo Alipolipima Ziwa

Khayega nzima ilijua kwamba wifi yangu Navalayo anajifunza kuendesha boti, maana hakuna siri inayokaa kwenye cherehani yake. Anashona sare za shule mkabala na stendi ya bodaboda, na kila mteja alisimuliwa. Watu wa boda nao hawakukosa neno. "Nahodha, meli imekwama kwa miwa?" walimuuliza kila asubuhi. Nilicheka nao, kisha nikawafokea, kwa sababu wa kumcheka mke wa kaka yangu ni mimi, si wao.

Mapenzi hayo yalianzia safari ya akina mama wa kanisa kwenda Kisumu. Wenzake walipanda boti ziwani wakapiga picha. Yeye alimkalia dereva kooni kwa maswali. Tangu hapo Jumamosi zake ni za chama cha watu wanaoendesha boti kwa kujifurahisha tu. Sharti lao ni kwamba huachiwi usukani peke yako mpaka ufike kisiwani na kurudi kwa ramani na dira, simu imezimwa. Ukishindwa mara mbili, unabaki abiria.

Mara ya kwanza alishindwa, tena kwa kosa la mtu wa milimani. Ramani tunayoijua kwetu ni ya mashamba na vilima, na namba kubwa ni mlima. Basi alipoona ramani ya ziwa imejaa namba, alizikwepa nane na tisa kwa uangalifu mkubwa, akafuata moja na mbili. Kumbe zile ni mita za kina! Tulikwama kwenye tope, mimi niliyemsindikiza nikiwa na viatu vya kanisani. Kiplagat, mwalimu wake, aliguna tu. Navalayo alilia njia nzima hadi nyumbani, na mimi, ninayeogopa maji kuliko nyoka, nikaapa kwenda naye tena.

Mara ya pili alikuja na kamba. Alikuwa ameipima kwa futi yake ya ushonaji, akapiga fundo kila mita na kufunga jiwe mwishoni. Tulipofika katikati mvua ilishuka, nchi kavu ikatoweka pande zote. Kiplagat alikaa nyuma, mikono kifuani. Ndipo nilipoona weusi upande wa kushoto, na ndege mweupe amesimama juu yake.

"Kisiwa ndio hicho, wifi! Geuka!"

Hakugeuka. Alipunguza mwendo, akateremsha kamba, akahesabu mafundo, kisha akaitazama ramani.

"Hapa ni mita nane. Karibu na kisiwa ramani inasema mbili. Hicho si kisiwa."

"Lakini nakiona kwa macho yangu!"

"Awinja, mimi sikatangi kitambaa kwa macho. Napimanga."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwona ameshindwa tena, nikaanza kutafuta maneno ya kuwajibu wale wa boda. Yeye aliendelea kuifuata dira yake, na tulipopita karibu, kile kisiwa changu kikajipinda, kikapasuka katikati. Magugu maji! Yalikuwa yakielea na ndege wao juu. Baada ya mwendo kidogo mafundo yaliyolowa yakaanza kupungua: tano, nne, mbili. Mvua ikafifia, na mawe ya kisiwa chenyewe yakawa mbele ya pua zetu.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilisahau hata kwamba niko juu ya maji.

Tulipoanza safari ya kurudi nilingoja Kiplagat aseme neno. Alijinyoosha kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia, na punde akaanza kukoroma.

Navalayo aligeuka akamtazama. Alicheka huku machozi yakimtoka, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Wifi, ongea polepole," akaniambia. "Abiria wangu amelala."