Maini ya Bondeni

Pale machinjioni walimwita Mama Muhuri, kwa kuwa nyama isiyopigwa muhuri wake haikutoka getini. Miaka kumi na tisa alikuwa akichana maini kwa kisu kifupi na kutazama ndani. Wenye bucha walimtania kwamba siku akistaafu atakonda kwa kuwakumbuka minyoo.

Kwa kawaida maini mabovu yalikuwa mawili matatu kwa wiki. Kisha ikaja wiki moja akatupa kumi na moja. Mirija ya nyongo ilikuwa migumu kama kamba, na ndani yake minyoo bapa, mfano wa majani madogo. Akawauliza wenye ng'ombe walikokuwa wakilisha. Wote walitaja sehemu moja: bondeni, kwenye kinamasi kilichofurika mvua za miezi mitatu nyuma.

Bondeni ndiko mdogo wake alikolima saladi, yale majani ya kuliwa mabichi.

Jumamosi akavaa buti akaenda. Hata salamu hakuimaliza. Aliinama kwenye matuta akafunua majani. Konokono wadogo walikuwa wameng'ang'ania mashina.

"Dada, umepoteza nini humo?" mdogo wake akauliza.

Akamweleza kwamba minyoo wale hukulia kwanza ndani ya konokono, kisha hujibandika kwenye majani, na hawachagui kama mlaji ana pembe au hana.

"Kuna mtu ameugua?"

"Bado."

"Sasa nifukuze wateja kwa sababu ya bado?"

"Waambie wapike. Yakichemka hayana neno."

"Saladi ya kuchemsha, dada. Nani atanunua?"

Njiani kurudi Mama Muhuri akapitia kituo cha afya, akamweleza tabibu. Yeye hakucheka, alibandika karatasi mezani: mwenye homa na maumivu ya ubavu wa kulia aulizwe amekula nini. Mdogo mtu naye alinuna, lakini akang'oa saladi kwenye matuta ya bondeni akapanda mchicha. Hoteli iliyokuwa ikichukua saladi ikahamia kwa mwingine.

Miezi minne ikapita. Pale kituoni hakuja mgonjwa hata mmoja wa namna ile.

"Unaona?" mdogo wake akasema kwenye simu. "Mteja kaondoka, ugonjwa haujaja."

Jambo lenyewe lilikuwa likimsumbua Mama Muhuri hata akiwa kazini: ukizuia moto kabla haujawaka, utaonyesha majivu gani? Na huenda kweli usingewaka.

Siku moja mdogo wake akamfuata hadi getini, akamkuta anaosha kisu.

"Maini yanasemaje wiki hii?"

"Mabovu mawili tu."

"Basi nipande saladi?"

"Sijui, mdogo wangu. Panda kule juu kusikofurika, umwagilie maji ya bomba. Mimi ningefanya hivyo."

"Wewe una mshahara," mdogo wake akasema, akacheka kidogo. Kesho yake akaanza kulima kule juu.